Kijiko Kile Si cha Jenerali

Limi, mayu wangu, mama yangu mdogo,

Shuleni walitufundisha barua ianze na "mimi ni mzima wa afya, sijui wewe." Wewe ni mzima, nimekuona leo asubuhi ukimaliza sufuria ya viazi peke yako. Mimi ni mzima, umenisikia nikigombana na mbuzi wa jirani. Hapo tumeshavuka. Na kwa kuwa shule niliiacha darasa la tano, ukikuta herufi imekaa vibaya iache hivyo hivyo, imechoka njiani.

Naandika wakati umekwenda Nkoma kumuaga shangazi yako. Namjua dada yangu, hakuachii mpaka ule kuku, kwa hiyo nina muda. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na wanaume wenye maneno matamu mama yako ameshakupa, na kesho pale stesheni ya Malampaka atakupa tena mpaka treni imtoroke. Mimi nina jambo moja tu.

Jana ulisimama sebuleni ukaangalia ukutani, ukasema, "Baba, naomba nikibebe kijiko cha jenerali. Niwaonyeshe wanajeshi tutakaowatumbuiza kule Bangui kwamba baba yangu alitangulia." Nikakujibu nitafikiri. Ukacheka: "Wewe baba, tangu lini unafikiri kabla ya kusema?"

Basi nimefikiri. Kijiko hutakibeba. Si cha jenerali. Kule Kongo sikumwona jenerali hata mmoja. Mwenye cheo kikubwa niliyemwona alipita ndani ya gari lenye vioo vyeusi, nikalipungia mkono, na sijui mpaka leo kama alikuwemo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitadanganya tena. Najijua.

Mwaka ule ulikuwa mdogo, bado unaogopa batamzinga. Kikundi chetu cha ngoma ya majembe kilichaguliwa kwenda kuwatumbuiza wanajeshi wetu waliokuwa Kongo, wakilinda amani mahali ambapo hiyo amani yenyewe hakuna aliyeiona. Kwa nini tulichaguliwa sisi? Kwa watu wa Bariadi nimesema siku zote ni kwa sababu yangu. Kidogo ni kweli. Nilikuwa manju, na wakati ule kutoka Lamadi mpaka Maswa hakukuwa na mdomo kama wangu. Hilo silifuti, hata kwenye barua ya toba.

Uwanja wa ndege askari mmoja alitusimamisha.

"Haya majembe ni ya nini?"

"Ya kuchezea, afande."

"Mnacheza na majembe?"

"Kwani nyie bunduki mnalimia?"

Wenzangu waliganda. Yule afande alinitazama, akatazama majembe, akacheka mpaka akaegemea meza. Tukapita. Hii ni kweli tupu, muulize yeyote tuliyekuwa naye.

Ila ile ya kuku ndani ya ndege si kweli. Umeisikia mara ngapi? Kuku wa kuchoma, juisi, na dada mrembo akiniuliza, "Baba, nikuongeze?" Limi, ile ilikuwa ndege ya jeshi. Viti ni vya turubai, unakaa ubavuni kama gunia la pamba. Ilipoanza kuyumba juu ya ziwa nilitapika ndani ya kofia yangu ya manyoya ya mbuni, ile niliyokuja kukwambia imeliwa na mchwa. Nilishuka Kongo nimeibeba kofia kama mtu aliyebeba mayai.

Umeona? Nimeshasema mbili. Ya tatu ndiyo nzito.

Wewe unajua kuita majina, nilikufundisha mwenyewe. Unajua kwamba kwetu, baada ya mavuno, vikundi viwili vikisimama uwanjani, watu hawaji kuangalia miguu tu. Wanasubiri manju aite. Unamwita mtu kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake, naye anaruka katikati na kujibu. Akichelewa, unamkejeli. Akizidi kuchelewa, unazidisha, mpaka uwanja mzima ucheke na yeye atoke mbio. Sijawahi kuona mtu akikasirika kwa kuitwa. Wanaokasirika ni ambao hawakuitwa.

Kabla ya safari nikachukua baiskeli nikazunguka vijijini: mwenye mtoto jeshini kule aseme jina, na kama ana salamu atoe. Ndiyo kazi hiyo hiyo uliyoifanya wewe mwezi huu na daftari lako, na nimekuona ukitembea nalo kwa maringo, nikajisemea, haya, damu haipotei. Ipililo nilimkuta mama mmoja anakatakata viazi vitamu na kuvianika juu ya jiwe, anatengeneza michembe. Mama Masunga. Huyo Masunga, mwanawe, alikuwa Kongo. Akanifungia michembe ndani ya kipande cha kitenge cha bluu chenye picha za vifaranga.

"Usimpe mtu ampelekee," akasema. "Mkabidhi mkononi. Halafu urudi uniambie kama amekonda."

"Mayu, nitamfungua mdomo nihesabu na meno."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kushika kiuno. Nikaondoka nimevimba, maana mimi mtu akicheka kwa ajili yangu naweza kumbebea nyumba.

Sasa tupo kambini. Wapishi walikuwa wanapika chini ya turubai, na mmoja, koplo, mtu wa Newala, mweusi, mfupi, mpole, akanifuata nikiwa nafunga njuga.

"Manju, hebu nisomee hayo majina yako kabla hujaanza."

"Ya nini?"

"Nisomee tu."

"Koplo," nikamwambia, na nikahakikisha wenzangu wanasikia, "mimi nimekuja jikoni kwako kukufundisha chumvi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alisimama kidogo na mwiko wake mkononi. Ngoma zikalia. Nikamwacha pale.

Limi, nimelirudia hilo la chumvi kichwani mara nyingi kuliko wimbo wowote niliowahi kutunga. Lilikuwa jibu zuri. Lilichekesha. Ndiyo ubaya wake.

Wanajeshi walikaa juu ya masanduku, wengine chini, bunduki zimelala mapajani kama watoto. Nikaanza kuita. Nikamwita mmoja wa Malampaka, jitu kubwa lenye masharubu, akatoka akipiga mluzi wa kurudisha ng'ombe zizini, ule wa kwetu hasa, na nakwambia, watu wa Tanga na Songea ambao hawajawahi kuchunga hata bata waligeuka wakatazama nyuma yao, kama vile kundi linakuja. Kwa nini waligeuka? Bado najiuliza. Nikamwita wa Nkoma, akaja na kofia ya chuma akaitumia kama kigoma. Uwanja ukachemka. Nikajiona mimi ndiye niliyeleta Tanzania nzima Kongo, nimeibeba kwapani.

Nikaita, "Masunga ng'wana Nkwabi wa Ipililo!"

Kimya.

Mimi kimya nilikijua. Kimya maana yake mtu anajificha, anataka kubembelezwa. Nikaongeza sauti.

"Masunga! Unalikimbia jembe mpaka Kongo? Majembe haya ni ya mbao, hayalimi!"

Kimya. Hata aliyekuwa akikohoa aliacha. Na mimi, mwanangu, macho ninayo mawili, yanaona. Niliona nyuso. Lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka mbio na mimi nyuma yake.

"Masunga ng'wana Nkwabi! Mama yako kanituma nikuangalie kama umekonda, kumbe umekonda mpaka huonekani!"

Yule koplo wa Newala akatoka chini ya turubai. Alikuja polepole, anafuta mikono kwenye aproni. Akafika mbele yangu, akapiga goti kidogo namna mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa, akanyoosha mikono yote miwili. Nikampa kifurushi. Sikujua kwa nini nampa.

"Nimempokelea," akasema kwa sauti ya kila mtu. Halafu kwa sauti ya sisi wawili, "Juzi tumemsindikiza kwenye ndege. Mmepishana naye angani, manju."

Unataka kujua nilifanya nini? Mimi ningekuwa wewe ningetaka kujua. Ningeweza kuvua njuga. Ningeweza kukaa chini pamoja nao. Nilipiga yowe, nikashika jembe, nikacheza. Nilicheza kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nililitupa jembe juu, nikalidaka kwa mguu, nikabinuka. Na wao wakapiga makofi. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Kwa nini walipiga makofi? Walinihurumia? Walikuwa na adabu kunizidi? Au mikono yao tu ilitaka kazi? Sijui. Sikumuuliza hata mmoja.

Asubuhi yake nikaenda jikoni. Sikwenda kuomba radhi, usinipambe. Nilikwenda kutafuta chai. Nikakuta foleni. Koplo amefungua kitenge juu ya meza na kila mwanajeshi anapita anachukua kipande kimoja cha mchembe. Kimoja. Wa pwani wanakigeuzageuza.

"Hiki ni chakula au ubao?" mmoja akauliza.

"Tia mdomoni usubiri," lile jitu la Malampaka likamwambia. "Hakitafunwi kwa haraka. Kinalainika chenyewe."

Basi wakasimama pale, wanaume wazima na bunduki zao, mashavu yametuna, wanasubiri kiazi cha Ipililo kilainike. Koplo akanisogelea na kikombe cha chai.

"Ndiyo hii, eh? Alikuwa anaitaja kila nikipika wali. Michembe, michembe. Nilidhani ni samaki."

Nikamwambia, "Koplo, jana…"

"Jina lilitufaa," akanikata. "Tangu afe hakuna aliyelitaja. Tulikuwa tunalipita pembeni kama shimo. Wewe umelitaja kwa sauti, na la baba yake, na la kwao. Tulilihitaji." Akanywa chai. "Ni hayo mengine tu. Ungenisomea, ningekwambia."

Baada ya hapo wakanizunguka wakaanza kuniuliza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ngoma ilikuwa karatasi ya kufungia tu, walichokitaka ni mazungumzo. Na maswali yao, Limi! Nilitegemea waulize siasa, mpira. Mmoja akauliza mvua imefika lini na ilikuja na upepo wa upande gani. Mwingine akauliza kama pale stendi ya Bariadi yule mwanamke wa mihogo bado anakaa upande wa kivuli. Mwingine, mtu wa Iringa ambaye hana habari na kwetu, akaniomba anuse ngozi ya ngoma. Akanusa, akasema ahsante, akaenda zamu. Mtu anayelala na hatari anauliza kivuli cha mwanamke wa mihogo! Nimezunguka Mwanza, Nairobi, Kigoma, nimekula hoteli zenye zulia, lakini hilo sijalielewa, na ningetoa ng'ombe nielewe.

Tulipokuwa tunapakia vyombo, koplo akaniletea kile kitenge, amekifua, amekikunja. Ndani yake kijiko. Nyuma ya mpini kimekwaruzwa kwa msumari, herufi M na N. Zile ulizokuwa unaniuliza nikakwambia ni alama za siri za jeshi.

"Vitu vyake vingine vilikwenda naye," akasema. "Hiki kilisahaulika kwangu jikoni. Kitambaa cha mama hakirudi kitupu. Mpelekee."

"Nitamkabidhi mkononi," nikasema. Maneno yale yale.

Nilirudi Bariadi wamemzika. Wilaya nzima ilikuwa Ipililo msibani, na mimi niliyekuwa na neno la mwisho kutoka kule nilijifunika blanketi nikamwambia mama yako nina malaria. Unajua kwetu kukosa msiba ni kitu gani. Mama yako alikwenda peke yake. Aliporudi alisema, "Mama Masunga kaulizia kama umerudi." Nikageukia ukuta.

Wiki ile ile jirani akaingia akakiona kijiko mezani. "Hiki cha wapi?" Na mdomo wangu, bila ruhusa ya mtu, ukasema, "Nimezawadiwa na jenerali." Ikaisha hivyo. Kesho yake wakaja watatu kukiona. Keshokutwa nikapigilia msumari. Ungekuwa wewe ungeukataa uongo wako mbele ya watu wamekaa, wanakunywa chai, wanakuheshimu? Labda wewe ungeukataa. Wewe una kichwa cha mama yako.

Nilikwenda mara moja. Ulikuwa umeanza sekondari. Nilifika mpaka pale barabara inapoingia kwao, nikamwona, yuko kwenye jiwe lile lile anaanika michembe. Alinyanyua mkono kuweka kivuli usoni, aone ni nani. Nikageuza pikipiki. Hivyo tu. Kitenge kilikuwa kwenye mfuko wa shati, nakisikia kifuani kama kina mapigo yake.

Nisichojua ni yeye alibaki na swali gani. Hilo linanisumbua kuliko aibu yenyewe. Labda anataka kujua kama michembe ilifika. Labda anadhani nilikula mimi. Labda alishasahau, na mimi ndiye ninayejipa ukubwa, si ajabu, najipa ukubwa katika kila kitu. Au bado anangoja jibu la lile la kukonda. Sasa mtu analijibuje hilo?

Ndiyo maana nakuandikia, si kukufundisha kazi. Kuimba umenizidi, na hilo ukilisema hadharani nitakataa. Lakini jana nililifungua daftari lako nikaona umeandika majina yamepangwa vizuri, na pembeni ya kila jina umeandika kejeli yake, tayari. Zinachekesha. Ile ya mtu wa Lamadi na samaki furu nilicheka peke yangu. Mwanangu, nenda nazo, lakini ukifika mtafute mpishi kwanza. Si mkubwa wa kambi, huyo atakupa hotuba. Mpishi anajua sahani zilizopungua. Msomee majina yote, polepole, na akitaka kukukatisha mwache akukatishe.

Na likiwepo ambalo halina wa kuliitikia, usilifute. Liite. Namna gani? Hapo mimi sijui. Nimejaribu kutunga namna hiyo miaka yote hii, nikiwa napalilia pamba, na haijaja. Labda linaitwa halafu unanyamaza nao, usiogope kimya. Mimi kimya kiliniogopesha, nikakijaza takataka. Labda wewe utaona kitu pale pale usoni mwao. Ukikiona, nipigie. Nataka kujua kweli. Na uniulizie kwa nini watu wanapiga makofi mahali pasipofaa, na kwa nini wanauliza mvua ilikuja upande gani, na chochote watakachokuuliza kiandike kwenye kurasa za nyuma za daftari. Hizo ndizo zawadi ninazotaka. Kitambaa cha Bangui usininunulie.

Michembe mama yako ameifunga chini ya begi. Ni mingi. Wape na wasio wetu, uwaangalie mashavu.

Sasa sikia mpango. Barua hii naiweka ndani ya ngoma yako ndogo, chini ya vitambaa, maana najua ngoma utaifungua treni ikishaondoka, huwezi kukaa saa nzima bila kuigonga. Mimi na mama yako tutakuwa tumesimama stesheni tunapunga. Mama yako atarudi Bariadi na gari. Mimi nimeshaongea na kijana wa bodaboda, ananichukua pale pale Malampaka kwenda Ipililo. Nimechagua bodaboda kwa makusudi, pikipiki ya mtu mwingine siwezi kuigeuza. Nimemwambia, "Nikisema turudi, usinisikilize."

Kijiko nimeshakitoa ukutani. Nimekisugua kwa majivu, nimekikunja ndani ya kitenge chenye vifaranga. Msumari umebaki. Mama yako amepita, ameuona, amenitazama. Amekwenda kuchukua karanga akaziweka kwenye kitenge pamoja na kijiko, akafunga fundo. Kumbe alikuwa anajua. Tangu lini? Hata yeye nitamuuliza.

Jirani akija kuulizia kijiko cha jenerali nitamwambia jenerali alikuwa mwanajeshi wa Ipililo, kijana wa mama Masunga, aliyependa michembe. Akitaka kucheka acheke.

Nasikia mbwa, nadhani ni wewe unarudi. Kesho treni ikivuka Malampaka hesabu saa mbili, halafu nipigie. Usiniulize safari ilikuwaje, nitakutungia kuku. Niulize jambo moja tu: "Baba, ulishuka?"

Baba yako,
Jilala, manju wa zamani